Fungu la Stellwagen, Karamu ya Nyangumi

Mashariki ya Marekani, katika jimbo la Massachusetts, iko rasi iliyojikunja mithili ya mkono wa mtu aliyekunja kiwiko na kufumba ngumi. Rasi hiyo huitwa Cape Cod, kwa jina la samaki aina ya cod waliokuwa wakivuliwa huko kwa wingi tangu zamani. Pale penye ngumi umo mji mdogo wa Provincetown, ambao wenyeji wake wa kudumu hawafiki 4,000. Nyumba zake nyingi ni za mbao, zimepangana kando ya ufuo, na juu yake umesimama mnara wa mawe wenye urefu wa meta 77. Mnara huo ulikamilika mwaka 1910 kwa ukumbusho wa wahamiaji wa Kiingereza waliotia nanga hapo mwezi Novemba 1620. Wahamiaji hao waliwaona nyangumi wakielea karibu kabisa na merikebu yao, wakasikitika mno kwamba hawakuwa na zana za kuwaua.

Zana hizo zilipatikana baadaye, na kwa muda wa karne mbili watu wa pwani ile waliwaua nyangumi wa kwao, kisha wakawafuata wengine katika bahari zote za dunia, ikiwemo Bahari ya Hindi. Leo mgeni anayefika Provincetown kati ya mwezi Aprili na Oktoba huwakuta watu wamejipanga gatini, wazee kwa watoto, wakiwa na kamera na durubini shingoni. Wote wanangoja chombo cha kuwapeleka kuwatazama nyangumi wakila. Mji uliokuwa ukiishi kwa nyangumi aliyekufa sasa unaishi kwa nyangumi aliye hai. Badiliko hilo halikuja kwa siku moja, wala halijakamilika hadi leo.

MEZA ILIYO CHINI YA MAJI

Kilometa chache kaskazini ya Provincetown, kwenye mlango wa Ghuba ya Massachusetts, liko fungu kubwa la mchanga na changarawe lisiloonekana kwa macho. Linaitwa Fungu la Stellwagen, kwa jina la Henry Stellwagen, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani aliyelipima katika miaka ya 1850. Fungu hilo lina urefu wa kama kilometa 30. Juu yake maji yana kina cha meta 20 hadi 30 hivi, lakini pembeni bahari huzama ghafula hadi kina cha zaidi ya meta 90.

Wataalamu wa ardhi hueleza kwamba fungu hilo ni kazi ya barafu. Zamani sana, wakati sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini ilipofunikwa na barafu nene, barafu ile ilisukuma mchanga na mawe mbele yake, na ilipoyeyuka ikayaacha hapo. Kuna wakati fungu hilo lilikuwa nchi kavu. Wavuvi wamepata kuvuta katika nyavu zao meno ya tembo wa kale wenye manyoya, ambao wametoweka duniani.

Sababu ya nyangumi kupapenda mahali hapo ni rahisi kuielewa. Mikondo ya bahari, pamoja na maji yanayojaa na kupwa, hugonga ukingo wa fungu na kulazimika kupanda juu. Maji hayo ya chini ni baridi, nayo hubeba rutuba ya mabaki ya viumbe yaliyozama. Yakifika juu, penye mwanga wa jua, rutuba ile hustawisha mimea midogo sana ielayo, kama mbolea inavyostawisha shamba. Mimea hiyo huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na samaki wadogo, na samaki wadogo huwaita wakubwa. Miongoni mwa wadogo hao, aliye na thamani kuliko wote ni samaki mmoja mwembamba, mrefu kama kidole au zaidi, mwenye kujifukia mchangani ajihisipo hatarini. Fungu la mchanga ndiyo nyumba yake, na yeye ndiye chakula kikuu cha nyangumi wa Stellwagen.

Mwaka 1992 serikali ya Marekani ililitangaza fungu hilo na maji yanayolizunguka, jumla ya kama kilometa za mraba 2,180, kuwa hifadhi ya taifa ya bahari. Hata hivyo si hifadhi iliyozungushiwa ua. Wavuvi huendelea kuvua humo, na meli kubwa ziendazo bandari ya Boston hupita katikati yake.

SAFARI YA KUTAZAMA

Chombo cha watazamaji huondoka gatini na kurudi baada ya saa tatu au nne. Hata mwezi Agosti, wakati wa joto kali nchi kavu, abiria hushauriwa kuchukua sweta, kwa kuwa upepo wa bahari ile ni baridi. Mtaalamu husimama juu na kipaza sauti, akieleza kila kinachoonekana. Ili watu wote wageuke upande mmoja bila fujo, hukifananisha chombo na uso wa saa: omo ndipo penye namba 12, na tezi ndipo penye namba 6.

Kwa kawaida ishara ya kwanza ni pumzi. Nyangumi si samaki. Ni mnyama anyonyeshaye, mwenye damu moto na mapafu, na lazima apande juu kuvuta hewa. Anapoitoa hewa hiyo, mvuke huruka juu kama moshi wa bunduki ya gobore, na kishindo chake husikika mbali. Abiria waliosimama upande uendako upepo hutambua pia harufu yake, ambayo ni ya samaki waliooza.

Wako nyangumi wa aina kadhaa. Yuko mmoja mrefu, mwembamba, mwendaji wa kasi, ambaye taya lake la chini ni jeupe upande wa kulia na jeusi upande wa kushoto. Yuko mwingine mdogo, mwenye haya, aonekanaye kidogo na kupotea. Lakini anayewafurahisha watu zaidi ni nyangumi nundu. Mzima wake huwa na urefu wa kama meta 14 na uzito wa tani 30 au zaidi, sawa na tembo wakubwa watano au sita. Mapezi yake ya mbele ni marefu mno, kiasi cha theluthi ya mwili wote, nayo ni meupe hata huonekana yaking'aa kijani chini ya maji.

Ulaji wake ndio hasa unaowavuta watu kutoka mbali. Nyangumi nundu hushuka chini ya kundi la samaki, kisha huanza kuzunguka huku akitoa pumzi kidogo kidogo. Mapovu hupanda na kufanya ukuta wa duara, na samaki wakaogopa kuuvuka. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria huwakusanya dagaa kwa mwanga wa taa usiku wa giza. Nyangumi huwakusanya samaki wake kwa pumzi. Wakisha kubanana katikati ya duara, yeye hupanda na kinywa wazi, ngozi ya koo ikipanuka kama mfuko, akameza maji na samaki kwa pamoja. Hana meno. Katika taya lake la juu zimening'inia safu za vichujio vigumu kama kucha, vyenye nyuzi kama ufagio. Hufunga kinywa, maji hutoka, samaki hubaki. Shakwe, ambao huwa wamekwisha kukusanyika kwa makelele, humpokonya samaki midomoni mwake. Wengine huthubutu hata kutua juu ya pua yake. Kwa siku moja nyangumi mmoja aweza kula zaidi ya tani moja.

Watu wa dini zote mbili kubwa za pwani yetu wanakijua kisa cha Nabii Yunus, au Yona, aliyemezwa akatapikwa ufuoni. Mwezi Juni 2021 mzamiaji mmoja wa Provincetown, aliyekuwa akitafuta kambakochi chini ya bahari, alijikuta ghafula katika giza la kinywa cha nyangumi nundu. Kwa muda usiofika dakika moja alidhani amekwisha, kisha akatemwa juu ya maji, akapona. Nyangumi nundu hawezi kummeza mtu, kwa kuwa njia ya koo lake ni nyembamba. Bila shaka alifungua kinywa kwa ajili ya samaki wake, na mtu akaingia kwa bahati mbaya.

SALT NA UKOO WAKE

Tangu zamani mabaharia walijua kwamba nyangumi hufika na kuondoka kwa majira, lakini hawakujua kama anayerudi ni yule yule. Jawabu lilipatikana mkiani. Nyangumi nundu anapopiga mbizi ndefu huinua mkia juu ya maji, na chini ya mkia huo mna madoa meupe na meusi yasiyofanana na ya nyangumi mwingine, kama alama za vidole vya binadamu. Ukiwa na picha ya mkia, umempata mwenyewe.

Aliye mashuhuri kuliko wote ni jike aitwaye Salt, yaani Chumvi. Alipewa jina hilo na mabaharia wa Provincetown katikati ya miaka ya 1970, kwa sababu ya weupe ulio juu ya pezi lake la mgongoni, kana kwamba amenyunyiziwa chumvi. Mwaka 1980 alifika na ndama, na tangu wakati huo amezaa watoto zaidi ya kumi. Baadhi ya mabinti zake nao wamezaa, na mabinti wa mabinti vile vile. Watoto waliopelekwa kumwona Salt na wazazi wao wamekua, nao wakawapeleka watoto wao kumwona yeye huyo huyo.

Salt hakai hapo mwaka mzima. Majira ya baridi yanapokaribia husafiri kama kilometa 2,400 kwenda maji ya joto ya Silver Bank, karibu na Jamhuri ya Dominika, ambako amepigwa picha pia. Huko ndiko nyangumi wa Stellwagen na wenzao wanakojamiiana na kuzaa, na huko hawapati chakula cha maana. Mama huzaa ndama wa uzito wa kama tani moja, humnyonyesha, na kuanza naye safari ya kurudi kaskazini akiishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini. Kwa hiyo kinacholiwa Stellwagen wakati wa joto ndicho kinachokuwa maziwa huko kusini wakati wa baridi. Kwa kulitambua hilo, katika miaka ya 2000 Marekani na Jamhuri ya Dominika ziliunganisha hifadhi zao mbili kuwa hifadhi ndugu. Nyangumi akilindwa mezani na kuuawa kitandani, ulinzi huo haumfai kitu.

CHUSA, TAA NA MERIKANI

Ili kuelewa ukubwa wa badiliko hili, yafaa kuutazama mji mwingine wa jimbo hilo, New Bedford. Mwaka 1857 mji huo ulikuwa na merikebu 329 za kuwinda nyangumi. Mafuta ya nyangumi yaliwasha taa za miji ya Ulaya na Marekani na kulainisha mitambo ya viwanda. Nta ya kichwani mwa nyangumi mkubwa, yule atoaye ambari, ilitengenezewa mishumaa isiyo na moshi. Na vile vichujio vya kinywani vilitiwa katika miamvuli na nguo za ndani za wanawake.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari na ujira wake ulikuwa mdogo. Vijana sita waliingia katika mashua nyembamba, wakamsogelea mnyama mwenye uzito mkubwa kuliko mashua yao, wakamchoma kwa chusa lililofungwa kamba. Miongoni mwa wafanyakazi wa merikebu hizo walikuwamo watu wengi weusi, Wamarekani na wenyeji wa visiwa vya Cape Verde. Na mtu aliyeligeuza chusa likawa zana isiyochomoka kirahisi mwilini alikuwa mhunzi mweusi wa New Bedford, Lewis Temple, ambaye mwaka 1848 alitengeneza chusa lenye ncha ya kujigeuza. Hakuisajili kazi yake kwa serikali, na wahunzi wengine wakaiiga na kutajirika.

Merikebu hizo zilifika hata kwetu. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 balozi wake wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja. Waters alitoka Salem, mji uliopo katika Ghuba ya Massachusetts, upande wa pili wa Fungu la Stellwagen. Merikebu za biashara za Salem zilichukua pembe na sandarusi, zikaleta kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Ndicho kitambaa ambacho mpaka leo huitwa merikani. Na merikebu za wawindaji nyangumi zilitia nanga Unguja kutafuta maji, matunda na nyama, kabla ya kurudi tena katika Bahari ya Hindi kuendelea na mauaji.

Kilichoanza kuipunguza kazi hiyo hakikuwa huruma. Mwaka 1859 mafuta ya petroli yalichimbwa katika jimbo la Pennsylvania, na taa zikapata chakula kingine kilicho rahisi. Biashara ya New Bedford ikafifia, na mwaka 1924 merikebu yake iitwayo Wanderer ilivunjika miambani ilipokuwa ikianza safari. Mataifa mengine yaliendelea kuua kwa meli za mitambo na vyusa vya baruti, hadi Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipopiga kura mwaka 1982 kusimamisha uwindaji wa biashara kuanzia msimu wa 1985 na 1986.

MACHO BADALA YA CHUSA

Provincetown ilikuwa imebaki na uvuvi wa samaki, kazi iliyoshikwa zaidi na jamaa za asili ya Kireno. Mwaka 1975 nahodha mmoja wa jamaa hizo, Al Avellar, alianza kuwapeleka watu baharini kutazama nyangumi kwa malipo. Ilikuwa biashara ya kwanza ya namna hiyo katika pwani ya mashariki ya Marekani. Mapema alishirikiana na mtaalamu wa viumbe, Charles Mayo, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha utafiti wa pwani kilichoundwa mjini hapo mwaka 1976. Mpango huo ulikuwa wa busara: nauli ya watazamaji ililipa gharama ya chombo, na chombo kikampa mtafiti nafasi ya kuwa baharini kila siku.

Matunda yake yameonekana. Mwaka 1980, wakati samaki aina ya heringi walipopungua sana katika maji yale, nyangumi nundu mmoja alionekana akiupiga mkia juu ya maji kabla ya kutoa mapovu yake. Wataalamu waliokuwa katika vyombo vya watazamaji waliandika kila walipomwona nyangumi akifanya hivyo, na nani alikuwa pamoja naye. Mwaka 2013, baada ya kuzichambua kumbukumbu za miaka 27, watafiti walitangaza kwamba ujuzi huo ulikuwa umeenea kwa nyangumi kujifunza kwa wenziwe. Kumbe nao wana shule yao, na somo likimfaa mmoja huwafikia wengi.

UJUZI WA KALE, KAZI MPYA

Pamoja na hayo, chusa lilipoondoka, kamba ilibaki. Pwani ya Massachusetts na Maine huvuliwa kambakochi wengi, nao huvuliwa kwa madema yanayokaa chini ya bahari. Kila safu ya madema huunganishwa na boya kwa kamba iliyosimama wima majini. Nyangumi apitapo na kinywa wazi huinasa kamba hiyo. Akishituka hujizungusha, na ikamfunga taya, pezi au mkia. Wako wanaozama papo hapo. Wengi huburuta kamba hiyo kwa miezi, ikizidi kuwakata nyama, mpaka wafe kwa njaa na vidonda.

Mwezi Novemba 1984 nyangumi nundu mchanga aitwaye Ibis alionekana karibu na Provincetown akiwa amenaswa na wavu. Charles Mayo na mwenzake David Mattila walijua kwamba mnyama mwenye nguvu namna ile hawezi kushikwa. Ndipo walipokumbuka namna ya wawindaji wa kale. Wawindaji wale, wakisha kumchoma nyangumi, walikuwa wakifunga mapipa matupu kwenye kamba ya chusa ili yamzuie kupiga mbizi na kumchosha. Waokoaji walifanya vivyo hivyo: waliinasa kwa kulabu kamba iliyomfunga Ibis, wakaifunga maboya, wakangoja achoke. Alipotulia walimsogelea kwa mashua ndogo ya mpira, wakakata nyavu moja baada ya nyingine hadi akawa huru.

Tangu siku hiyo kituo hicho kimewafungua zaidi ya nyangumi wakubwa 200, na namna hiyo imefundishwa katika nchi nyingi. Waokoaji hawaingii majini. Hukaa katika mashua, wenye kofia ngumu vichwani, wakitumia visu vilivyopindwa kama mundu na kufungwa kwenye miti mirefu. Hatari yake si ndogo. Mwezi Julai 2017, katika Ghuba ya St. Lawrence nchini Kanada, mvuvi mmoja aliyekuwa mwokoaji mzoefu aliuawa kwa pigo la nyangumi muda mfupi tu baada ya kuikata kamba ya mwisho.

Nyangumi aliyemwokoa alikuwa wa jamii iliyo katika dhiki kubwa. Waingereza waliiita jamii hiyo kwa jina lenye maana ya "nyangumi afaaye", kwa kuwa alifaa kuuawa: huenda polepole, hukaa karibu na pwani, na akifa huelea. Aliuawa hadi akakaribia kwisha, na tangu mwaka 1935 amelindwa na mkataba wa mataifa, lakini leo hawafiki 400. Kila mwisho wa baridi wengi wao huingia Ghuba ya Cape Cod kula vijidudu vidogo kuliko punje ya mchele. Zaidi ya wanane katika kila kumi wana makovu ya kamba.

Adui wa pili ni meli. Kuhusu huyu hatua za busara zimechukuliwa. Mwaka 2007 njia ya meli ziingiazo Boston iligeuzwa kidogo kuelekea kaskazini, kufuata sehemu za fungu ambazo kumbukumbu za miaka mingi zilionyesha kwamba nyangumi ni wachache. Kumbukumbu nyingi kati ya hizo zilitoka kwa vyombo vya watazamaji. Kuanzia mwaka 2008 meli zenye urefu wa kama meta 20 au zaidi zinatakiwa zisizidi noti 10 mahali na majira yaliyotajwa. Mwenda pole hajikwai, na hapa asiyejikwaa ni wawili, meli na nyangumi.

Kamba ni tatizo gumu zaidi, maana nyuma ya kila kamba yuko mvuvi mwenye watoto na deni la mashua. Jimbo la Massachusetts hufunga uvuvi wa madema katika Ghuba ya Cape Cod mwisho wa baridi, na tangu mwaka 2021 limetaka kamba ziwe dhaifu, zikatike zikivutwa kwa nguvu ya ratili 1,700, ili nyangumi mzima aweze kujinasua. Inajaribiwa pia mitego isiyo na kamba ya kusimama, ambayo boya lake hulala chini na kupanda linapoitwa na mvuvi. Lakini mitego hiyo ni ya gharama kubwa. Wavuvi husema, na si bila haki, kwamba mzigo wa kumlinda mnyama wa watu wote umewekwa juu ya mabega ya wachache.

Watazamaji nao hawaachwi bila sheria. Ni marufuku kumsogelea nyangumi "afaaye" kwa umbali unaopungua meta 460. Kwa wengine, chombo hutakiwa kupunguza mwendo kikiwa bado mbali, na kisimkaribie nyangumi zaidi ya meta 30. Akija mwenyewe, nahodha huacha mtambo bila kusogea mpaka apite. Macho mengi yanayomfuata mnyama kila anapogeuka yaweza kuwa uwindaji wa namna nyingine.

WA KWETU WAMO KATIKA SAUMU

Kuanzia mwezi Julai hadi Oktoba nyangumi nundu huonekana pia katika pwani ya Afrika ya Mashariki: Mtwara, Mafia, Unguja, na Watamu huko Kenya. Hao si jamaa ya Salt, wala hawapati kukutana naye, maana wao ni wa nusu ya kusini ya dunia. Karamu yao iko katika bahari ya barafu ya Antaktika, wakati wa joto la huko. Kwetu huja kuzaa na kutafuta wenzi, wakiwa na matumbo matupu. Anayemwona nyangumi Stellwagen mwezi Agosti anamwona aliye kwenye futari. Anayemwona Unguja mwezi huo huo anamwona aliye katika saumu.

Tofauti hiyo ina maana kwa mwenye mashua. Nyangumi aliyeshiba akisumbuliwa hupoteza mlo mmoja, na kesho ataupata mwingine. Mama anayenyonyesha bila kula, akifukuzwa huku na huku, hutumia akiba ambayo hawezi kuirudisha mpaka afike kusini ya mbali. Mfano wa karibu upo tayari. Huko Kizimkazi, Unguja, ambako mashua za watalii zimekuwa zikiwafuata pomboo tangu miaka ya 1990, watafiti wameonyesha kwamba mashua zinapokuwapo pomboo hao hupungukiwa na muda wa kupumzika.

Ulinzi wa sheria haukukosekana. Mwaka 1979, kwa pendekezo la nchi ndogo ya Shelisheli, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa mahali pasipowindwa nyangumi kwa biashara. Kwa hiyo nyangumi wa kwetu hawamwogopi tena mwenye chusa. Kilichobaki ni nyavu, meli, na pupa ya mwenye mashua atakaye kumridhisha mteja wake kwa kusogea zaidi ya mwenziwe.

Watu wa Provincetown walihitaji zaidi ya miaka 300 kujifunza kwamba nyangumi mmoja aliye hai, mwenye jina na watoto, hulisha mji mwaka baada ya mwaka, na mapipa ya mafuta yake yangewalisha mara moja tu. Wavuvi wa Watamu, Kizimkazi na Mafia hawana haja ya kungoja muda mrefu hivyo. Somo limekwisha kulipiwa na wengine. Nahodha wa kwetu aonapo pumzi imepanda kando ya mama na ndama, na azime mtambo, akae mbali, awaache wapite.